Mpiga kinanda naye aandikiwe

Fungua karatasi yoyote ya wimbo wa kwaya kati ya zile zinazozunguka kwenye simu za walimu wetu. Sauti nne zimepangwa, maneno yamekaa chini ya nota zake, jina la mtunzi liko juu kulia, na Doh imetajwa ni ipi. Mpiga kinanda hajaandikiwa kitu. Juu ya mstari wa soprano hakuna F, hakuna Bb, hakuna C7. Ameachiwa afuate tu.

Kwenye kanisa kubwa la mjini lenye mwalimu aliyesomea muziki, hilo si tatizo. Mpiga kinanda wa pale anazisoma sauti zote nne kwa mkupuo na kuzipiga kama zilivyo. Lakini njoo Ilemba, bonde la Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Hapa, kama ilivyo kwenye vigango vingi vya Ufipa na kwingineko nchini, mpiga kinanda kwa kawaida ni kijana aliyejifunza kwa kutazama vidole vya mwenzake. Nota hasomi, au anazisoma kwa kuhesabu mistari. Kodi za muziki, hizo F, Bb na C7, anazijua, tena barabara. Mwambie "anza F, nenda Bb, pitia C7, rudi F" na hatakosea. Lugha anayoielewa ndiyo hasa ambayo karatasi haina.

Matokeo yake tunayasikia kila Jumapili. Kwaya inaanza, kinanda kinanyamaza ubeti mzima kikitafuta ufunguo, kinaingia kwenye kiitikio, kinateleza pale mtunzi alipokata kona, na soprano wanavutwa wanashuka. Mwalimu anamkata jicho mpiga kinanda. Mpiga kinanda hana kosa.

Msimamo wetu ni huu. Kodi haziandikwi kwa sababu kuziandika kwenye programu za muziki kunachosha kuliko faida anayoiona mtunzi. Mtu anayechapa wimbo saa tano usiku, ukitakiwa mazoezini kesho jioni, huacha kinachoachika. Sauti ya alto haiachiki. Kodi zinaachika. Kazi hiyo ikiwa rahisi, zitaandikwa, na wanaoweza kuirahisisha ni watengenezaji wa programu, wanafunzi wetu wa kompyuta, na watunzi wenyewe.

Tuiangalie kazi yenyewe kwa karibu. Tuseme wimbo uko Doh F. Mwanzoni sauti zinaimba d, m, s, d: hiyo ni F. Besi anapanda kwenye fa, wenzake wanajaza la na do: Bb. Kisha besi anakwenda so, alto anashika te, soprano yuko re, na tenori anaachia fa ining'inie: C7. Anayetumia MuseScore, programu ya bure ambayo wengi wanayo, anabofya nota ya kwanza, anabonyeza Ctrl na K, anaandika F, anagonga kitufe cha nafasi kusogea kwenye nota inayofuata, anaandika Bb, anasogea tena, anaandika C7. Ile b ndogo inageuka yenyewe kuwa alama ya bemoli. Ukitaka kuruka kipimo kizima, yaani kutoka mstari mmoja wa wima hadi mwingine, unagonga Tab. Sibelius nayo inatumia Ctrl na K. Dorico inatumia Shift na Q.

Kwa kodi tatu hiyo ni raha. Sasa weka wimbo wa Matoleo wenye utangulizi, kiitikio, beti nne na umalizio. Hapo unaandika kodi moja moja, kila moja mahali pake, na nyingi kati ya hizo ni zilezile F, Bb na C zikijirudia. Ukifika mahali besi anaimba mi huku wenzake wakishikilia kodi ya F, ni lazima uandike F/A, maana mpiga gitaa la besi akipiga F pale atagongana na besi wa kwaya. Ukifika kwenye kodi ya saba, herufi moja inakuponza: CM7 na Cm7 zinatofautiana kwa ukubwa wa herufi tu, na kwenye masikio zinatofautiana kama sherehe na msiba. Halafu kuna kodi zilizopunguzwa, ambazo huyu anaziandika "dim" na yule kwa kiduara. Mwalimu aliyelelewa kwenye solfa anaishia kujiuliza kwa nini ajisumbue.

Na amelelewa kwenye solfa kweli. Mfumo huu wa d, r, m ulianzia kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen katikati ya karne ya 19, ukaja Afrika na wamisionari kwa sababu moja kubwa: hauhitaji karatasi yenye mistari wala ala. Ubao na chaki vinatosha. Enoch Sontonga aliandika kwa solfa, mwaka 1897 huko Afrika Kusini, wimbo ambao baadaye ulitupa tuni ya Mungu Ibariki Afrika. Kwa hiyo tuni ya wimbo wa taifa letu iliandikwa kwanza kwa herufi za d na m. Asije mtu akatuambia solfa ni muziki wa wasiosoma.

Kitu cha kushika kwenye solfa ni kwamba Doh inahama. Leo Doh ni F, kesho soprano wana mafua Doh ni Eb, na kwaya haibadilishi hata silabi moja. Mwimbaji wa Ilemba hafikirii F. Anafikiria do. Mpiga kinanda naye, ingawa anazitaja kodi kwa herufi, kichwani anazipanga kwa namba: ya kwanza, ya nne, ya tano, rudi ya kwanza. Wapiga kinanda wengi wa makanisa yetu huonyeshana kodi kwa vidole katikati ya ibada. Vidole vinne vikiinuliwa, kila aliyeko jukwaani anajua tunakwenda wapi.

Fikra hiyo si ngeni popote. Huko Ulaya katika karne ya 17 wapiga kinanda waliandikiwa sauti ya besi na tarakimu chache, basi, mengine wakajaza wenyewe. Huko Nashville, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, mwimbaji Neal Matthews wa kundi la Jordanaires alianza kuandika kodi kwa namba ili wapigaji wa studio wabadili ufunguo bila kuandika upya, na mpaka leo studio za mji ule zinatumia namba. Vijana wetu wanaoinuliana vidole wamefika palepale bila kusomeshwa.

Programu hazijafika. MuseScore inakuruhusu kuchagua majina ya kodi yaandikwe vipi. Wajerumani wamepewa H yao. Wafaransa na Waitalia wamepewa Do, Re, Mi. Mwalimu wa kwaya wa Ufipa anapoiona Do, Re, Mi kwenye orodha anafurahi, anaichagua, anaingiza wimbo wake wa Doh F, na kodi ya kwanza inatokea imeandikwa Fa. Amechanganyikiwa, na ana haki. Do ya Wafaransa haihami, ni C siku zote. Doh yetu inahama. Cha ajabu, programu hiyohiyo kwenye vichwa vya nota inajua kuandika Doh inayohama. Kwenye kodi ndipo haijui.

Namba nazo zimo, kwa mtindo wa Nashville na kwa namba za Kirumi, lakini zimewekwa kama aina nyingine ya maandishi. Mtunzi aliyekwisha kuandika F, Bb na C7 akitaka nakala ya namba kwa ajili ya kijana wake, anaandika upya. Hili ndilo tunalolitaka kwanza: kodi iandikwe mara moja, na mtumiaji achague ionekane kama herufi, kama namba, au kama Doh inayohama. Kompyuta inajua ufunguo wa wimbo. Mtunzi aliuweka mwenyewe mwanzoni. Kutoka F kwenda namba 1 ni hesabu ya darasa la pili.

Kuna jambo la kitufe. Vinanda vingi vya umeme makanisani, Yamaha na wenzake, vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na sehemu kubwa ya wapigaji wetu wanakitegemea. Wimbo ukiwa Eb, kijana anabonyeza mara tatu kwenda juu, kisha anapiga kama wimbo uko C, vidole vyake vikibaki kwenye funguo nyeupe alizozizoea. Walimu wa muziki huwacheka. Sisi hatuwacheki, kitufe kiliwekwa ili kitumike. Lakini ina maana karatasi iliyoandikwa Eb, Ab na Bb7 haimsaidii huyu kijana, kwa sababu mbele yake yeye ni C, F na G7.

Dawa yake ipo tayari kwenye MuseScore, ila imefichwa kwenye nguo za mtu mwingine. Kwenye mipangilio ya alama za kodi kuna sehemu ya kapo, kile kibano wanachokifunga wapiga gitaa shingoni mwa gitaa. Ukiweka kapo 3, programu inakokotoa kodi za kupiga kwa mtu aliyepandisha nusu toni tatu. Kapo 3 ya gitaa na kubonyeza mara tatu kwenye kinanda ni hesabu ileile. Eb inakuja na C yake. Mwalimu yeyote anaweza kuijaribu leo. Lakini nani angejua kwamba msaada wa mpiga kinanda wa kigango umewekwa chini ya jina la kifaa cha gitaa? Watengenezaji waongeze neno "kinanda" pale, kazi ya dakika tano, na maelfu ya watu watafaidika.

Wako watakaosema kompyuta izitoe kodi yenyewe. Sauti nne si zipo? Ni kweli, na uwezo huo haukuanza jana: Finale na Sibelius zote zimekuwa na njia ya kusoma nota na kupendekeza kodi. Tatizo ni kwamba mashine haina aibu. Inaipa jina kila inachokutana nacho. Alto anapopita kwenye nota moja ya haraka kwenda nyingine, nota ambayo mpiga kinanda hata asingeigusa, mashine inaandika kodi mpya yenye jina refu kama anwani. Karatasi inajaa takataka, na mtunzi anafuta zaidi ya ambacho angeandika. Tunachokitaka ni mashine yenye adabu: ipendekeze kodi moja kwenye pigo zito la kila kipimo, izipuuze nota za kupita, ichague kwanza kati ya kodi za kawaida za ufunguo ule, kisha imuulize mtunzi, ndiyo au hapana. Nyimbo zetu nyingi za ibada zinaishi kwenye kodi ya kwanza, ya nne na ya tano, na ya pili na ya sita zikitembelea. Kukisia hapo si kazi ngumu.

Sasa simu. Hapa ndipo tunapowashangaa zaidi watengenezaji. Julai 2021 Sibelius na Dorico zote mbili zilitoa matoleo ya vishikwambi, hatua kubwa kweli. Lakini vishikwambi vyenyewe vilikuwa vya Apple, iPad. Hesabu iPad zilizoko bonde la Rukwa. MuseScore ina programu yake ya simu, lakini ni ya kutazama na kusikiliza nota. Kuandika ni mpaka kompyuta. Simu ya Android ndiyo kompyuta ya mwalimu wa kwaya, na ndiyo steshenari yake pia, kwa sababu kupandisha karatasi Sumbawanga mjini kutoa kopi ni nauli, na njia ya kupanda ukingo ule wakati wa masika waijuao wanaijua.

Programu za kuandikia nota kwenye Android zipo chache. Jaribu kuandika kodi kwenye simu kwa kibodi ya kawaida. Chukua F#m7: F kubwa, badili kibodi utafute alama ya #, rudi kwenye herufi uandike m, badili tena uandike 7. Kwa kodi moja umebadilisha kibodi mara tatu, na hapo simu haijajaribu kukusahihisha ikidhani umekosea tahajia. Sasa fikiria badala yake vitufe saba chini ya kioo. Wimbo ni Doh F, vitufe vinasomeka F, Gm, Am, Bb, C, Dm na cha saba kwa nadra. Unagusa nota, unagusa Bb, imeandikwa, mshale umesogea wenyewe. Ukibana kitufe kwa muda, kinafunguka kukupa Bb7 au Bb/D. Ukibadili ufunguo, vitufe vinabadilika vyote. Hakuna kuandika hata herufi. Hakuna CM7 na Cm7 za kutegana. Wanaotengeneza programu wanaita hilo jambo dogo la sura ya skrini. Kwa mwalimu wa Ilemba ndiyo tofauti kati ya wimbo wenye kodi na usio nazo.

Kitu kingine ni kurudia. Ubeti wa kwanza ukishaandikiwa kodi, wa pili hadi wa nne una tuni ileile. Kama beti zimeandikwa chini ya nota zilezile, kodi zilizoandikwa mara moja zinatosha. Lakini mtunzi anapozitawanya beti kurasa mbili, programu iweze kunakili kodi peke yake bila kubeba nota. Na kiitikio kikirudi, kodi zirudi nacho.

Tukizungumzia programu, tuseme na jambo la Finale. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuwa imeacha kuiendeleza Finale baada ya miaka 35. Watunzi wetu wengi wa kizazi cha kati walianza na hiyo. Kopi nyingi zilizoko kwenye kompyuta zao, tuseme ukweli, hazikununuliwa dukani. Zilipita kwenye flashi. Haidhuru sasa. Linalodhuru ni kwamba mafaili yao yamefungwa kwenye muundo wa programu ambayo haina mwenyewe wa kuiendeleza. Wayatoe mapema kwa MusicXML, muundo wa kubadilishana nota uliobuniwa na Michael Good na kutoka rasmi mwaka 2004. MusicXML inabeba nota, maneno na kodi pia, kama kodi: programu nyingine ikiifungua inajua kwamba Bb ile ni kodi, na ukihamisha ufunguo nayo inahama.

PDF haifanyi hivyo, na hapa walimu wetu wanajinyima wenyewe. Kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya tunatumiana PDF, au picha ya karatasi iliyopigwa kwa pembe. PDF ni nzuri kwa kuimbia. Haihamishiki ufunguo, haiongezeki kodi, haisahihishiki nota iliyokosewa. Kwa hiyo mwalimu wa Muze anayetaka kuongeza kodi kwenye wimbo wa mwenzake wa Laela anaanza kuchapa sauti nne upya kabla hajafika kwenye kodi ya kwanza. Bila shaka haanzi.

Na kompyuta zetu ni za umri. MuseScore 4, iliyotoka Desemba 2022, inataka kompyuta ya biti 64, na sauti zake nzuri za ziada zinapakuliwa kwa gigabaiti kadhaa. Kwa bando la kijijini hiyo ni ndoto. Ushauri wetu kwa mwenye kompyuta ya zamani ni abaki na MuseScore 3 bila kuona haya. Kodi inaziandika, inazihamisha, na mpangilio wa kapo unao. Programu hii ilizaliwa mwaka 2002 kwa kazi ya Mjerumani Werner Schweer, na leseni yake inamruhusu yeyote kuifungua na kuirekebisha. Tafsiri zake hufanywa na watu wa kujitolea. Kwa hiyo hatuwezi kukaa tunanung'unika kwamba wenye programu hawatujui. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hakiko mbali na sisi, na wanafunzi wake wa kompyuta wanatafuta miradi ya mwaka wa mwisho kila mwaka. Kuandika kiongezi kinachosoma F na kuandika chini yake "1", au kinachopendekeza kodi kwa adabu tuliyoieleza, ni kazi ya mradi mmoja wa mwanafunzi mzuri. Kuna idadi gani ya mifumo ya kusajili wanafunzi ambayo imekwisha kutengenezwa kama mradi wa mwaka wa mwisho, ikatetewa, ikapata alama, ikafa? Mmoja mwenye kuimba kwaya atuandikie hiki.

Tunawasikia wanaopinga. Wa kwanza anasema mpiga kinanda hodari hahitaji karatasi, sikio linatosha. Sikio ni kipaji na tunaliheshimu. Lakini sikio linataka kuusikia wimbo mara kadhaa, na kwaya ya mazishi haina mara kadhaa. Msiba umetokea usiku, wimbo umeletwa asubuhi, saa nane mchana mnaimba. Aliyeandikiwa kodi anapiga. Aliyeachiwa sikio anakisia mbele ya wafiwa.

Wa pili ana hoja nzito zaidi, na hatutaimaliza hapa. Anasema kodi ni fikra ya Kizungu. Tuni zetu za asili hazikutungwa juu ya ya kwanza, ya nne na ya tano, na ukizibandika F na Bb juu yake unazinyoosha mpaka zife. Padre Stephen Mbunga aliishughulikia mada hii ya muziki wa Kibantu na sheria za Kanisa katika kitabu chake cha mwaka 1963, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia na kuufungulia mlango muziki wa mataifa. Hoja hiyo ina miaka zaidi ya sitini na bado ni mbichi. Wimbo ambao sauti ya pili inatembea sambamba na ya kwanza, ngoma ikiongoza, hauna haja ya kodi kila kipimo. Pengine hauna haja hata ya moja. Basi mtunzi aandike wazi pale kwamba kinanda kinyamaze. Alama ya "bila kodi" ipo kwenye programu hizi, N.C., na ni maelekezo kamili kama C7 ilivyo. Mpiga kinanda akiiona anajua ngoma zimeachiwa uwanja. Asipoiona, anajaza, na huko kujaza kwa kubahatisha ndiko kunakozinyoosha tuni zetu leo.

Sisi tusio watengenezaji wa programu tuna la kufanya kabla ya Krismasi. Mtunzi anayechapa wimbo mpya aandike kodi za kiitikio walau, hata kama beti zitangoja. Kiitikio ndiko kwaya nzima inakoingia na ndiko kinanda kinakosikika. Anayeogopa alama ngumu aandike kodi za aina tatu zisizokwisha kazi: kuu, ndogo na saba. Kodi rahisi iliyo sahihi inamtosha kijana wa Ilemba. Mapambo atayaweka mwenyewe, na huenda akayaweka vizuri kuliko mtunzi.

Kamati za muziki za jimbo, na wenzao wa Kimoravian na Kilutheri, zinapochagua nyimbo za mashindano au za sherehe kubwa, ziongeze sharti moja kwenye barua: wimbo uje na kodi. Nyimbo hizo ndizo zinazoshuka hadi vigangoni mwaka unaofuata, na zikija na kodi zinafundisha bila mwalimu. Seminari ya Kaengesa na shule nyingine zenye kompyuta na kinanda chumba kimoja zingewapa walimu wa kwaya Jumamosi mbili tatu za kujifunza Ctrl na K, kitufe cha nafasi, na mpangilio wa kapo. Si kozi ya cheti. Mtu aje na wimbo wake mwenyewe, aondoke umeandikiwa kodi.

Na kila anayetuma wimbo kwenye kundi, chini ya PDF aambatanishe na faili lenyewe, la MuseScore au la MusicXML. Ni dogo kuliko picha moja ya simu. Anayeogopa kuibiwa tungo yake aweke jina lake na mwaka kwenye ukurasa wa kwanza, na sheria ya hakimiliki ipo. Mwalimu wa Ilemba akilipata atashusha Doh kutoka G hadi F kwa ajili ya soprano wake, kodi zitashuka nazo, na kijana wa kinanda atapewa karatasi yake Alhamisi, siku ya mazoezi, badala ya Jumapili mlangoni.